Sidiria za Chairman

Wasichana wa dukani wamenisumbua niandike. Wanasema tangu nistaafu mwezi uliopita, mambo yote niliyoyajua nimehama nayo Kimumu, na mteja mgumu akiingia wanabaki kutazamana tu. Si kweli kwamba nimehama na kila kitu. Nimewaachia tepu mbili, kioo kirefu na pazia. Lakini kwa sababu nafasi ninayo sasa, na kwa sababu wawili kati yenu, siwataji, bado mnampima mtu juu ya sweta, wacha niandike. Mambo ya mshahara na vyeo nitayaruka. Waajiri wangu pia waliyaruka.

Niliingia duka hilo nikiwa msichana, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Lilikuwa duka la nguo la Mhindi mmoja na mkewe, hapo Eldoret mjini, si mbali na soko. Mzee aliuza vitambaa mbele, na mkewe, Mama Kusum, alitawala chumba cha nyuma, mahali palipokuwa na sidiria, pazia la kijani na kiti kimoja ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia ila mteja. Mimi niliandikwa kufagia. Siku ya kwanza nilifagia mpaka nikafika nyuma ya pazia, nikamkuta mke wa mzungu mmoja mkulima amesimama kifua wazi, mikono kiunoni, akilalamika juu ya bei ya mahindi. Nikageuka nikimbie. Mama Kusum akanishika sikio, hakuacha hata kuzungumza na mteja, akanipa kopo la pini nishike. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii, kwa kushikwa sikio.

Wateja wa wakati huo walikuwa wake wa masetla, Makaburu na Waingereza, walioingia mjini Jumamosi na matope kwenye viatu. Wote walijua saizi zao. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Walikuwa wamepimwa mara moja tu, wakati wa harusi, wakaishika ile namba kama ubatizo. Mtu amezaa watoto sita, amekula nyama ya kulungu iliyokaushwa kwa miaka ishirini, bado anaingia dukani anasema yeye ni thelathini na nne. Mama Kusum hakubishana na mtu. Alikuwa anasema, "Ndiyo, memsahib," halafu anapima, halafu anachukua sidiria anayostahili, anakata kitambaa chake cha namba na kumvalisha. Mama anajitazama kwenye kioo, anafurahi, anaenda nyumbani akiamini bado ni thelathini na nne. Sijawahi kuona mtu akidanganywa kwa faida yake mwenyewe namna hiyo, labda kanisani.

Aliyenifundisha ni huyo Mama Kusum. Alikuwa mfupi, mkali, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu. "Simama. Shika. Angalia mgongo." Kila mara alikuwa akinirudisha kwenye mgongo. Mimi nilitazama mbele kama kila mtu, yeye akanigeuza kichwa kwa vidole viwili. Ukitazama mbele, alisema, utaona mteja anachotaka uone. Mkanda ukipanda mgongoni, ni mkubwa. Nyama ikimwagika juu ya kikombe, kikombe ni kidogo. Kikombe kikikunjamana, ni kikubwa, na usimwambie kwamba atanenepa akijaze, kwa sababu hatakuja kukulipa siku akinenepa.

Basi nyinyi mnaopima juu ya sweta, sikilizeni. Unapima chini ya matiti kwanza, ngozi kwa tepu, tepu ikae sawasawa mbele na nyuma, ikaze lakini mtu apumue. Halafu unapima pale palipojaa zaidi, bila kukaza. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inakupa kikombe. Mzigo unabebwa na mkanda wa chini, kamba za mabega ni za kusaidia tu. Mwanamke mwenye mabonde mabegani amekuwa akibebeshwa kazi ya mkanda miaka yote, na mara nyingi hajui. Sidiria mpya inafungwa kwenye kulabu za nje kabisa, kwa sababu itavutika, na ikivutika ndipo anahamia za ndani. Mkimfungia za ndani siku ya kwanza ili ashangae jinsi ilivyombana vizuri, mtamuona tena baada ya miezi mitatu, na hatakuwa anacheka.

Kulikuwa na sheria nyingine ambayo Mama Kusum hakuirudia mara mbili. Siku moja nilimsimulia mke wa muuza mboga jinsi mke wa tajiri mmoja alivyoumbika. Tulicheka sana. Mama Kusum alikuwa amesikia. Aliningoja mpaka duka lifungwe, akasema, "Nyuma ya pazia unaona, unasahau. Ukishindwa kusahau, rudi kufagia." Sikucheka tena na mke wa muuza mboga.

Uhuru ulipokuja, wateja wetu wakaanza kuondoka. Mashamba yaliuzwa, malori yakapakiwa vitanda na piano, na wake zao wakaja kununua sidiria kwa dazeni kana kwamba huko kusini wanakoenda hakuna maduka. Mmoja Kaburu, mama mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliagiza sidiria kubwa maalum kutoka ng'ambo, halafu akahama kabla hazijafika. Mama Kusum akaziweka kwenye droo ya chini. Alisema mwenye kifua hicho atatokea tu, Mungu hajafunga kiwanda.

Na kweli wakatokea wateja wapya. Walikuwa wanawake wetu, walimu wa shule za msingi, wake za wakulima waliopata shamba, wauguzi. Walikuja wawili wawili, mmoja wa kupimwa na mmoja wa kucheka. Wengine hawakuwa wamevaa hiyo kitu maisha yao yote na walitaka kujua inasaidia nini. Niliwaambia ukweli, kwamba ukivaa yako utaisahau, ukivaa ya mwenzako utaikumbuka siku nzima. Hapo ndipo nikaanza mtindo wangu ambao Mama Kusum aliudharau kwanza, halafu akaukubali bila kusema. Mteja akishavaa, namwambia ainame kana kwamba anapalilia, ainue mikono kana kwamba anamtwisha mwenzake kuni, halafu akae kwenye kile kiti kana kwamba anakamua. Sidiria ikibaki mahali pake baada ya hayo matatu, ni yake. Memsahib alihitaji tu kukaa wima na kunywa chai. Wateja wetu walikuwa na kazi.

Shida ilikuwa waume. Mwanaume wa wakati huo akishapata shamba, alitaka kununua kila kitu mwenyewe, na kukipima mwenyewe. Alikuwepo mzee mmoja wa Moiben, mtu safi, kofia mkononi, aliyekuja kumnunulia mkewe sidiria ya kwendea kanisani. Mama Kusum akamuuliza saizi. Mzee akajibu bila wasiwasi, "Ratili mia mbili."

Mama Kusum akanitazama. Mimi nikamuuliza mzee, kwa heshima, amepata wapi ratili.

"Kwa tepu," akasema. "Mimi nimempima mwenyewe asubuhi."

Akaitoa mfukoni. Ilikuwa tepu ya ng'ombe, ile ambayo watu wa maziwa wanazungusha kifuani kwa ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, ili kujua uzito wake bila mizani. Alikuwa na mtamba anayetaka kumuuza, akampima huyo kwanza, halafu akaona asipoteze safari, akampima na mama.

"Ulipitisha wapi, Mzee?" nikauliza.

"Pale pale. Nyuma ya miguu ya mbele."

"Ya mama?"

"Ya mama ni mikono," akanisahihisha, kana kwamba mimi ndiye mjinga.

Tukamwomba amlete mwenyewe. Hakupenda, aliona ni gharama bure kumleta mtu mjini wakati vipimo viko. Lakini alimleta wiki iliyofuata. Mama alikuwa mwembamba, mpole, na alipoingia nyuma ya pazia aliniambia kwa sauti ndogo kwamba siku ile walipopimwa wote wawili, aliyesifiwa alikuwa mtamba. Nilimpa sidiria nzuri ya pamba na nikampima polepole kuliko kawaida. Mzee alipoona bei alisema ng'ombe hawana mambo mengi. Mkewe akamwambia basi aende naye kanisani. Wakanunua.

Nawaambia haya ili mjue kwamba kosa la mzee yule lilikuwa dogo. Yeye angalau alipima. Baadaye tulipata mtu ambaye hakupima kabisa.

Mama Kusum na mumewe waliuza duka wakaenda zao. Leseni zilikuwa zimeanza kuwa ngumu kwao, na watoto walikuwa wameshatangulia Uingereza. Siku ya mwisho aliniachia tepu yake ya kitambaa, akanishika sikio tena, safari hii polepole, na nililia waziwazi pale kaunta. Aliyenunua duka alikuwa Mwafrika mwenzetu, na sote tulifurahi, mimi mbele yao. Alikuwa chairman wa kampuni ya kununua shamba, ile iliyochukua shamba la mzungu ng'ambo ya Chepkoilel. Alikuwa chairman kwa muda mrefu hivi kwamba mkewe mwenyewe alimwita Chairman, hata akimwita kuja kula.

Mume wangu Yohana alikuwa mwanachama. Kila tulichokuwa nacho kilikuwa kimeingia kwenye shea, tukawa tunaishi kwa kazi yangu tukingoja ploti igawanywe. Kwa hiyo muelewe jinsi nilivyokuwa nimekaa. Mtu mmoja alikuwa ameshika kazi yangu kwa mkono huu, na shamba letu kwa mkono ule.

Chairman alipenda usawa. Alihubiri usawa kwenye kila mkutano. Savea, mpima ardhi, alipokuja na mnyororo wake, ikatangazwa kwamba kila mwanachama atapata eka tano, asiwepo mkubwa wala mdogo. Wengine walipata eka tano za mawe, wengine eka tano za kinamasi, lakini zilikuwa tano. Ya Chairman nayo ilikuwa tano kama za wengine, ila ilianzia mtoni, na ukiuliza inaishia wapi ulionyeshwa mbali kwa kidole. Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Mtindo huo huo akauleta dukani. Siku moja lori likasimama mlangoni, vijana wakashusha katoni mpaka chumba cha nyuma kikajaa na kiti cha mteja kikatolewa nje. Kulikuwa na duka la wazungu lililofunga Nakuru, na Chairman alikuwa amenunua sidiria zao zote zilizobaki kwa bei ya kutupa. Nikafungua ya kwanza. Pamba nyeupe, nyepesi, imeshonwa vizuri, thelathini na nne, kikombe kidogo. Nikafungua ya pili. Thelathini na nne. Nikafungua mpaka nikachoka. Zilizobaki zilikuwa na sababu ya kubaki, lakini hiyo si habari ambayo unampa mtu aliyetoka kulipa.

"Chairman," nikasema, "hizi ni saizi moja."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo uzuri yake. Hakuna kuchagua."

"Wanawake si saizi moja."

Akanitazama kwa huruma. "Selina, wewe ulifundishwa na wakoloni. Hayo mambo ya huyu namba hii, huyu namba ile, ni kugawanya watu. Mama wote ni mama. Weka kwa kaunta."

Nikaweka kwa kaunta. Ningefanya nini?

Chairman aliwaambia wanachama wake kwenye mkutano kwamba duka lao, aliliita lao siku za mkutano, lina sidiria kwa kila mama kwa bei ya usawa. Wanaume wakanunua. Wake zao wakavaa. Na baada ya wiki wakaanza kuja kwangu, mmoja mmoja, wakitembea kama watu waliofungwa kamba. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Priska, aliyefundisha darasa la kwanza kule Chepkoilel, mwanamke mwenye kifua cha kunyonyesha mapacha, na alikuwa amewanyonyesha. Akavua blauzi nyuma ya pazia. Mkanda ulikuwa umemchimba chini ya kwapa mpaka ngozi imetoka. Akasema mumewe amemwambia avumilie, kwamba wake za wanachama wengine wote zimewatosha, shida itakuwa ni yeye.

Hicho ndicho kiliniudhi. Sidiria mbaya mtu anaweza kuitupa. Lakini kila mmoja wao alikuwa ameambiwa kwamba wengine zimewatosha. Mwembamba aliambiwa amekonda, mnene akaambiwa amezidi, na kila mmoja alikaa nyumbani kwake akiona haya ya mwili wake, kwa ajili ya katoni za Nakuru.

Basi nikafanya nilichojua. Kila aliyekuja nilimpima, nikamwambia saizi yake ya kweli, nikamwambia hatuna. Wakaacha kununua. Katoni zikakaa. Chairman akaja, akazitazama, akazipiga kwa fimbo yake kama mtu anayeamsha ng'ombe.

"Hizi hazitembei," akasema.

"Haziwatoshi, Chairman."

"Naskia wewe ndiye unawaambia haziwatoshi."

Nikaendelea kukunja tepu yangu.

"Zikiwa hapa Krismasi," akasema, "wewe hutakuwa hapa. Na umwambie Yohana nimeuliza kuhusu yeye."

Nilimwambia Yohana. Hakulala, na mimi sikulala. Yohana alisema niwauzie tu, wanawake watazoea. Nikamuuliza kama angependa nimvalishe kiatu cha mtoto wetu aende nacho mkutanoni, naye azoee. Tukaacha hapo. Nilikuwa na hofu, siwafichi. Hakukuwa na duka lingine mjini la kumwajiri mtu wa kupima sidiria, na ploti yetu haikuwa imepewa namba.

Wiki hiyo hiyo, mchana, mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Mama Grace, mke wa Chairman. Mama mkubwa, mrefu, mnyamavu, mwenye kuamkia watu kwa kichwa tu. Aliingia, akavuta pazia mwenyewe, akavua. Alikuwa amevaa thelathini na nne, amefunga kulabu moja tu kati ya mbili, na ile nyingine amemalizia kwa pini ya nepi ya mtoto. Pini ilikuwa imefunguka ikamchoma.

"Tangu lini, Mama?" nikauliza.

"Tangu alete. Ameniambia mimi ndiye mfano."

Nikampima kwa ile tepu ya Mama Kusum. Namba yake siitaji, hata sasa. Nitasema tu kwamba nilienda moja kwa moja kwenye droo ya chini, nikatoa zile za yule Kaburu. Ya kwanza ikamkaa kana kwamba ilivuka bahari kwa ajili yake. Akainama, akainua mikono, akakaa juu ya katoni kana kwamba anakamua. Ilibaki mahali pake. Halafu alivuta pumzi, pumzi ndefu mpaka chini, na macho yakamjaa machozi. Mimi pia.

"Asijue," akasema akifunga vifungo.

"Mimi huwa nasahau, Mama."

Alichukua na zile nyingine za droo, na ile aliyoivua, ya mumewe, akaikunja akaiweka kwenye kikapu. Sikuuliza anaenda kuifanyia nini.

Jumamosi iliyofuata wanawake wakaja pamoja. Mwalimu Priska alikuwa amewakusanya, karibu wote wake za wanachama, kila mmoja na sidiria yake ndani ya karatasi ya sukari. Walitaka zirudishwe. Walijaa kutoka kaunta mpaka barabarani. Na kwa bahati ya siku zangu, Chairman naye akafika wakati huo huo, suti, fimbo, Mama Grace nyuma yake na kofia mpya, wakielekea harambee ya kanisa. Akaona umati. Chairman akiona umati hawezi kupita.

Akapanda juu ya katoni moja. Akawaeleza kuhusu usawa. Akawaeleza kwamba tulipigania uhuru ili tusipangwe kwa saizi. Akasema mama anayekataa kitu ambacho kimewatosha wenzake, ajiulize ana nini. Wanawake wakatazama chini, mmoja baada ya mwingine, na karatasi za sukari zikaanza kurudi ndani ya vikapu. Mwalimu Priska peke yake alisema, "Kwangu inachubua, Chairman."

"Mama Grace huyu hapa," akasema Chairman. "Anavaa hiyo hiyo. Mmemsikia akilia? Na kama mnadhani nadanganya, fundi yuko. Selina, wewe ndiye unapima watu. Waambie hawa mama, mke wangu anavaa saizi gani."

Nilimtazama Mama Grace. Uso wake haukuonyesha kitu. Nikisema ukweli, ninamvua nguo mbele ya watu. Nikisema thelathini na nne, Mwalimu Priska anarudi nyumbani na vidonda vyake na aibu yake, na mimi nabaki na kazi, na Yohana anapata namba ya ploti.

"Mambo ya nyuma ya pazia huwa sisemi, Chairman," nikasema.

"Hata mimi nikikuuliza?"

"Hata wewe."

Akatikisa kichwa, kwa huzuni ya mtu aliyejaribu kusaidia. "Basi Jumatatu usikuje."

Nikaweka tepu juu ya kaunta. Nilikuwa naanza kufungua aproni wakati Mama Grace aliposema. Hakupaza sauti.

"Chairman, zile zako mimi sivai."

Akageuka polepole juu ya katoni yake. "Unasema?"

"Sivai. Nilipimwa na Selina, nikapata yangu."

"Na zile nilikupa ziko wapi?"

"Ziko jikoni."

"Jikoni zinafanya nini?"

"Zinachuja maziwa," akasema Mama Grace. "Zinachuja vizuri sana. Ile chai ya leo asubuhi, si ulisema haina hata unywele mmoja wa ng'ombe? Ukaongeza kikombe."

Hakuna aliyecheka kwanza. Tulikuwa tunamtazama Chairman, na Chairman alikuwa anameza, anameza tena, kana kwamba ile chai ilikuwa bado haijafika chini. Halafu mama mmoja wa mlangoni akashindwa, na duka zima likaenda. Nililazimika kushika kaunta. Chairman akashuka kwenye katoni, akasema wamechelewa harambee, akatoka. Mama Grace hakumfuata mara moja. Mwalimu Priska alikuwa amemshika mkono, na swali lake lilikuwa la mtu mwenye ng'ombe nyumbani.

"Upande mmoja unashika kiasi gani?"

"Karibu nusu painti," akasema Mama Grace. "Unatundika kwa kamba za mabega juu ya sufuria. Pande zote mbili zinafanya kazi pamoja. Zile nyavu za duka zinapitisha nywele, hii haipitishi."

Karatasi za sukari hazikurudishwa kaunta siku hiyo. Kinyume chake. Walionunua moja waliongeza ya pili, ya kubadilisha ikifuliwa. Habari ikafika Moiben, na watu wa maziwa wakaanza kuja, wanaume kwa wanawake, wakitaka "ile ya kuchuja." Hakuna aliyeuliza saizi. Kabla ya Krismasi katoni zilikuwa zimeisha, na mteja akarudishiwa kiti chake. Mimi nilirudi Jumatatu kama kawaida. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenirudisha. Nililipa fundi ashone pazia jipya, na nilipomletea Chairman orodha ya saizi za kuagiza, alitia sahihi bila kusoma.

Mkutano wa mwaka ulifanyika nje, kwenye shamba. Yohana alipata namba yake, eka tano, nusu kinamasi. Chairman akasimama akatoa ripoti, na alipofika kwenye duka akasema, bila kupepesa jicho, kwamba wako waliomcheka, lakini mzigo wote umeuzwa, na ni nani sasa atasema saizi moja haiwezi kutosha watu wote? Wanaume wakapiga makofi. Wanawake wakapiga zaidi.

Halafu ikaja chai. Mama Grace mwenyewe ndiye aliyepita na birika, chai nzito ya maziwa, safi. Alipomfikia mumewe, Chairman alifunika kikombe chake kwa kiganja, akaomba turungi. Mtu aliyekuwa na ng'ombe wa gredi wengi kuliko sisi sote, na maziwa ya kumwaga, alikunywa chai isiyo na maziwa kama mtu aliyefilisika, siku hiyo na kila siku niliyomwona tena, mpaka tulipomzika.